Ukuta wa Ndani

Maisaka, Babati
9 Februari 2025

Shemeji Praygod,

Bwana asifiwe, na habari za chini ya ardhi? Mimi mzima, nimenenepa, na bado ndiye fundi friji bora kuanzia Minjingu hadi Kondoa. Anayebisha alete friji lake. Barua hii nampa Herieli wa lori la maji, maana nimepiga simu yako mpaka yule dada wa "namba unayopiga haipatikani" nimemzoea kama jirani.

Umeniandikia kwamba Brayson, mpishi wenu wa kambini, hakuamini ulipomwambia Babati kuna watu wazima wanaotengeneza manowari na kupigana nazo. Msomee hapa. Brayson, weka mwiko chini, elimu inapita. Meli zetu zina urefu wa meza ya chakula. Mbavu ni za mbao, na juu ya mbavu tunavisha ngozi ya plaiwudi iliyochanwa mpaka ikawa kama ganda la kitunguu, kwa sababu kanuni ya kwanza ni kwamba meli lazima itoboke. Asiyetaka kutoboka akacheze bao. Ndani kuna betri ya drili, mota, na mizinga ya bomba la shaba la friji, na hapo ndipo mimi nilipozaliwa kuwa mfalme. Mtungi unajazwa upepo kwa pampu ya baiskeli. Ukibonyeza rimoti, gololi inatoka fyuu, inamtoboa mwenzako chini ya usawa wa maji. Akitobolewa ana pampu moja tu ya kutolea maji, ile ya kuoshea kioo cha gari. Ikishindwa, anazama, kisha anakunja suruali na kuingia kuitafuta meli yake matopeni huku watu wanampigia makofi. Tunapigana kwenye bwawa la wafyatua tofali kule Bonga. Ziwani hatuendi. Kiboko hafuati kanuni.

Jana nilimzamisha Otilia, yule fundi cherehani jirani yangu, na ile meli yake anayoiita Mama Mkwe. Kasema betri ilikufa. Shemeji, mwanamke yule akishindwa ni betri, akishinda ni akili.

Meli yako iko kwenye rafu, nimeifunika kanga. Uliipa jina la mdogo wangu Evelyne ukidhani nitaogopa kuipiga. Nitaipiga, na mkeo mwenyewe atashangilia. Jumatatu ya Pasaka ndiyo siku ya vita vikubwa, wanakuja mpaka watu wa Singida. Usikose.

Evelyne hajambo, mtoto wenu Aikande ameota jino na kalijaribu kwenye kidole changu.

Ndimi,
Tadeo, Jemadari wa Bwawa la Bonga


Machimboni, Simanjiro
23 Februari 2025

Shemeji Tadeo,

Salamu. Barua imefika. Brayson aliisoma mwenyewe kwa sauti, akacheka mpaka ugali ukashika chini, na tumelala na njaa kwa ajili yako.

Mimi sina maneno mengi. Kuna jambo nataka kukuuliza.

Shimo letu limefika kwenye mwamba wenye dalili ya vito. Ni ule wa kijani tuliokuwa tunautafuta tangu mwaka juzi, niliuona kwa tochi nikanyamaza nisije nikapiga kelele. Lakini juu kidogo ya tunapochimba kuna tawi la zamani, watu walilichimba wakaliacha, na humo maji yanatoka yanatushukia. Yanafika magotini. Pampu inayatoa, ikizimwa ipoe yanarudi. Na masika bado hayajaanza.

Bosi kasema tuamue wenyewe, kusimama mpaka mvua ziishe au kuendelea. Tuko wanne na mimi ndiye meneja, ndiye ninayewaongoza, kwa hiyo wananiangalia usoni. Elimringi anataka tuendelee, anasema tukitoka wengine wataingia. Mimi moyo wangu unasema nyumbani. Aikande sijamwona tangu aanze kukaa.

Wewe umezoea maji yanayoingia mahali yasipotakiwa. Unasemaje, nirudi au kuna njia? Nijibu kweli, shemeji. Mzaha weka wa barua nyingine.

Praygod


Maisaka, Babati
2 Machi 2025

Shemeji,

Umekuja duka lenyewe. Mimi ni mtu niliyelala Tunduma, Lusaka, na mahabusu ya mpakani ambayo jina lake silitaji kwa heshima ya kunguni. Bandari ya Durban nimebeba mizigo miezi mizima. Meli nimeziona kwa ndani, mpaka tumbo lake. Darasa la saba nililimaliza kwa kusukumwa, lakini maji yamenisomesha.

Evelyne alikuja hapa karakana jana. Aliisoma barua yako akiwa amesimama, mtoto mgongoni. Akasema, "Kaka, mwandikie arudi." Nikamwambia naandika. Na kweli naandika. Ila mke hutoa huruma, fundi hutoa dawa. Nikuite nyumbani mkono mtupu, jiwe la kijani wakalichukue watu wa jirani? Mimi siyo shemeji wa aina hiyo.

Sikiliza dawa. Manowari yangu, Kwaraa, nimeiwekea ukuta wa ndani katikati, kutoka ubavu hadi ubavu. Nikitobolewa mbele, maji yanajaa mbele, nyuma kwenye betri kunabaki kukavu kama kigae. Vita vitatu nimepigana nao. Mbele imejaa kama ndoo ya kisimani, ukuta haukutikisika. Watu walidhani nimeroga.

Basi nanyi fanyeni hivyo hivyo. Msihangaike kuyatoa maji, yafungieni huko huko. Mdomoni mwa lile tawi la zamani jengeni ukuta, mawe na saruji, nyuma yake mifuko ya mchanga. Upana uwe wa hatua ya mtu mnene. Na muuzibe kabisa, msiache hata tundu la sindano, maana maji ni kama mgeni wa ukoo, ukimfungulia dirisha atalala sebuleni. Pampu itapumzika, mtachimba mmevaa ndala.

Ukipata jiwe, kijiji kizima mtakunywa kwa jina langu.

Tadeo, Jemadari na sasa Injinia


Machimboni, Simanjiro
20 Machi 2025

Shemeji Tadeo,

Tumejenga. Saruji ilikuja na Herieli. Elimringi alitaka tuache bomba chini ya ukuta, maji yatoke kidogo kidogo na tuone yamefika wapi. Nilimsomea barua yako, pale pa tundu la sindano. Alikuna kichwa, akasema huyo bwana amepigana vita vitatu, mimi hata kimoja. Tukaziba.

Sakafu ni kavu. Kweli tunachimba kwa ndala. Bosi alishuka akaupigapiga ukuta kwa ngumi, akauliza huyu fundi kasomea wapi. Nikamwambia Durban. Wenzangu wanauita ukuta wa Tadeo. Wakishuka asubuhi wanausalimia: "Shikamoo Tadeo." Unapenda hiyo, najua.

Mvua zilianza jana. Kwenye kona ya chini ukuta unatoka jasho. Brayson anasema saruji ndivyo inavyokauka, lakini Brayson ni mpishi. Wewe unasemaje?

Pasaka sitaweza. Tuko karibu sana na jiwe, na sasa kwa kuwa ni pakavu siwezi kuwaambia wenzangu twende. Nitakuja Mei. Mwambie Evelyne taratibu, wewe una maneno. Mwambie nilitaka.

Meli yangu usiiguse.

Praygod


Maisaka, Babati
6 Aprili 2025

Shemeji,

Jasho ni afya! Hata mimi nikifanya kazi natoka jasho, je, nimeanguka? Acha woga.

Barua yako nimeisoma kwenye kijiwe cha bodaboda, kinyozini, na kanisani baada ya matangazo. Maisaka yote wanajua kwamba huko Simanjiro watu wazima wanausalimia ukuta wangu. Otilia alisema, "Sasa Tadeo hatashika tena friji, atashika milima." Wivu.

Evelyne amenuna. Barua yenyewe sikumpa, maana humo mna ile habari ya jasho, angekesha. Nimemfupishia: nilikuandikia urudi, ukakataa, umesema jiwe kwanza. Samahani, nilihitaji kumaliza mazungumzo na alikuwa ananitazama vibaya. Usiniangushe, ukija Mei umletee kitenge cha maana, yataisha.

Kwa sasa niko kwenye maandalizi. Kwaraa nimeipaka rangi ya kijivu, inatisha mpaka naiogopa mwenyewe.

Tadeo, Injinia


Bonga, bwawani
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Praygod,

TOKENI. Ukishasoma neno hilo toka, mengine utayasoma ukiwa juu.

Nimetoka majini sasa hivi, suruali inanichuruzika. Otilia amenipiga gololi mbele, nyingi, mahali pamoja. Mbele ikajaa. Mimi nikacheka, nikawaambia watu tazameni, ukuta huo. Na kweli ilielea, imeinamisha pua kidogo tu, nami naendelea kurusha. Kisha haikuwepo. Haikuzama kama nyingine zinavyozama, polepole, pampu ikitapika, mwenyewe akiikimbizia ukingoni. Ukuta uliachia wote kwa pamoja na maji yote ya mbele yakaenda nyuma kwa mkupuo. Watu walikuwa bado wanacheka na pale juu ya maji hapana kitu.

Bila ukuta ningeyaona maji yanaongezeka. Ningekimbia. Ukuta ndio ulionifichia.

Shemeji, vile vita vitatu nilivyokuandikia ni kweli nilipigana. Lakini hakuna hata kimoja nilichotobolewa mbele. Ule ukuta haukuwahi kugusana na maji mpaka leo. Nilisema umeshika kwa sababu ulikuwa unapendeza.

Msijaribu kuutoboa mkiwa chini. Msishuke kuchukua vyombo. Acheni drili, acheni pampu, acheni jiwe. Lile jasho siyo saruji.

Nimekupigia simu, haipatikani. Herieli nimemtoa mezani, yuko hapa injini inaunguruma, ananiambia korongo limejaa na huenda akalala njiani. Nimemwambia alale kesho kutwa.

Tadeo


Machimboni, Simanjiro
29 Aprili 2025

Kwa ndugu Tadeo,

Mimi ni Brayson, mpishi. Simu ya msiba najua mmeshaipata kwa bosi, lakini nadhani hakuna aliyekueleza ilivyokuwa, na mimi ndiye niliyekuwepo juu.

Korongo lilimzuia Herieli. Alifika Ijumaa mchana, amepauka kwa matope. Praygod alikuwa amepanda kuja kula, wenzake watatu wako chini. Nilimpa barua yako na sahani. Akasoma amesimama. Sahani aliweka chini, ugali ukiwa bado mdomoni, akashika kamba akashuka. Nilimwita, "Meneja, subiri tuwapigie kengele." Kengele yenyewe chini kabisa haisikiki, nami nilijua.

Elimringi anasema alifika anahema, akapiga kelele, "Tadeo ameandika, tokeni!" Hawakubisha, jina lako lilikuwa kubwa kule. Akawapandisha mbele yake mmoja mmoja, mwenyewe akashika mkia. Elimringi alikuwa wa mwisho kabla yake. Alisikia kishindo kimoja tu, halafu upepo wa baridi ukampanda miguuni. Alipogeuka hapakuwa na tochi chini.

Tulipiga pampu mpaka Jumapili ndipo tukampata. Ndugu zake walikuja na gari, wakampeleka kwao Mwika.

Barua yako ilibaki juu ya sahani. Nimeisoma, naomba unisamehe. Kisha niliitia jikoni. Hapa watu wote wanasema ni mvua, na mvua kweli ilikuwa nyingi. Kwangu siri haitatoka. Wewe pia usijitese, hayupo wa kukuuliza.

Pole sana.

Brayson


Mwika
18 Mei 2025

Kaka Tadeo,

Shikamoo. Nakuandikia kwa kuwa simu hupokei. Otilia ameniambia karakana umefunga, na watu wakigonga unakohoa tu ndani. Hukuja kuzika. Niliwaambia wakwe zangu una malaria, na wamekuombea.

Tulimzika vizuri. Elimringi alikuja na wale wenzake wawili, akasimama mbele ya watu akaongea. Alisema wasingekuwa hai bila wewe. Alisema ule ukuta wako ndio uliowazuilia maji majuma yote yale, na barua yako ndiyo iliyowatoa. Akawataja watoto wake kwa majina, akalia. Wanawake wote walikuwa wanaulizana Tadeo ni yupi.

Baba mkwe ameguswa sana. Amesema mtu wa namna hiyo hashukuriwi kwa simu. Ametenga mbuzi dume, na Jumamosi hii ukoo unakaa. Wanataka uje wakushukuru kwa desturi yao, wakupe kipande chako mkononi. Mzee mwenyewe ndiye atakayesema maneno. Hajasema mengine tangu mazishi, kaka, kwa hiyo usikatae.

Sasa la kwangu, ambalo sijamwambia mtu. Mimi sijamlilia Praygod. Nashindwa. Watu wanadhani nimepigwa na butwaa. Lakini kila nikianza nakumbuka ulimwandikia arudi, naye akasema jiwe kwanza. Uliita, mimi nikaomba, mtoto yuko mgongoni, na yeye akachagua jiwe. Nguo zake nimezifunga nikampa mdogo wake bila hata kuzinusa. Aikande akija kuniuliza baba alikuwa mtu gani, nitamjibu nini? Kwamba aliitwa akakataa?

Nisaidie neno kaka, wewe hukosi.

Mdogo wako,
Evelyne


Maisaka, Babati
22 Mei 2025

Evelyne,

Marahaba. Simu sipokei kwa sababu nikisikia sauti yangu tu inaanza kupamba. Kwenye karatasi naweza kufuta.

Praygod hakukataa. Hakuitwa. Mwezi wa pili aliniandikia kwamba moyo wake unasema nyumbani, barua ukaisoma hapa mwenyewe. Ukaniambia nimwandikie arudi. Sikuandika. Niliandika ajenge ukuta, nikamwambia umeshika vita vitatu, ukuta ambao haukuwa umeonja hata tone. Elimringi alitaka kuacha bomba, aliyekataza ni mimi kwa mdomo wa Praygod. Alipoona ukuta unatoka jasho aliniuliza. Nilimjibu jasho ni afya. Na alikuomba radhi kwa Pasaka, aliandika, "Mwambie nilitaka." Neno hilo nilikunyima. Nikakupa la kwangu, la jiwe kwanza, kwa sababu ulikuwa unanitazama.

Ukuta haukuwazuilia maji. Uliyakusanya.

Barua ya mwisho niliandika kweli, na alishuka nayo kichwani. Hilo ni lake, siyo langu. Mtoto akiuliza, mwambie baba yake alikuwa ameshafika juu, sahani mkononi, akarudi chini kwa ajili ya watu.

Mlilie mumeo. Alitaka kuja. Zile nguo kazirudishe.

Jumamosi nakuja kwa basi la asubuhi. Baba mkwe mwambie wasichinje. Mbuzi abaki amefungwa mpaka nimalize kusema. Nitasemea pale uani nikiwa nimesimama, na kiti nisipewe kwanza. Elimringi naye awepo. Nikishamaliza, mzee akitaka nikae nitakaa, akitaka niondoke nitaondoka, na akinyamaza nitasimama hapo hapo mpaka aseme.

Tadeo